Makamu wa Marehemu

Norbert alizikwa Ijumaa saa tatu asubuhi, na ilipofika saa tano komanda alikuwa amekwisha kumpata mtu wa kulipia kifo chake. Yeye aliita hiyo kufunga dosie, faili la kesi.

"Kamyo inatoka saa kumi," alisema, macho kwenye karatasi. "Inapita kwanza Kalundu kupakia mafuta, kisha inapanda Bukavu. Iko na nafasi ya mufungwa mmoja. Ule muchungaji wa ng'ombe ataenda."

Inspekta Modeste alisimama mbele ya meza, kofia mkononi. Ndiye mpelelezi pekee aliyekuwa amebaki Uvira. Wenzake wawili walikuwa wamevuka ziwa wiki iliyopita, kila mmoja akiaga kwamba anakwenda kumwona shangazi mgonjwa. Hao mashangazi waliugua siku moja.

Alizijua kamyo za komanda, yale malori yake. Tangu waasi waanze kuvizia barabara ya tambarare ya Ruzizi, mwezi huo wa Aprili 1964, kamyo tatu zilikuwa zimepeleka wafungwa Bukavu. Bukavu ni safari ya siku nzima. Zote tatu zilirudi jioni ileile kabla ya giza, tupu, na sehemu ya nyuma imeoshwa.

"Sijamaliza kuuliza watu, komanda."

"Uliza mpaka saa kumi. Ukiniletea jina lingine nitaandika lingine. Kwangu majina ni majina."

Buloko, chumba cha mahabusu, ilikuwa nyuma ya ofisi. Huko alikaa yule mchungaji, Kayumba, mtu wa milima ya juu, mrefu, magoti yamemfika kidevuni kwa sababu chumba hakikumtosha. Alikuwa amenyang'anywa fimbo na kofia. Modeste alichuchumaa mbele ya nondo.

"Niambie tena. Polepole."

"Norbert ni rafiki yangu," Kayumba alisema. "Bibi yake amezaa, nikamuletea samuli ya muzazi. Jumatano jioni nilifika Kalundu, kwenye kibanda chake cha nyavu, kwa sababu ndiko tunakutana siku zote. Haikukuwa mutu ndani. Batu wakasema amevuka kwenda Bujumbura. Nikangoja. Nililala pale. Asubui ya Alhamisi wanawake wakapiga kelele gatini, na askari wakanikuta."

"Na Jumanne?"

"Jumanne nililala Luberizi. Askari wa baryeri walinizuia, njia ilikuwa mubaya. Karatasi iko kwenu."

Karatasi ilikuwapo kweli, kwenye bahasha ya dosie, na komanda hakuwa ameifungua. Muhuri wa baryeri ya Luberizi, kizuizi cha barabarani: ameingia Jumanne jioni, ametoka Jumatano saa mbili asubuhi. Lakini ilimsaidia nini? Mji mzima ulisema Norbert aliuawa usiku wa Jumatano, akirudi kutoka Bujumbura, na usiku huo Kayumba alikuwa palepale. Mwuguzi wa hospitali, baada ya kuutazama mwili na ule ufa wa nyuma ya kichwa, alisema maji ya ziwa hili ni ya moto, huenda ulikaa humo usiku mmoja au miwili, yeye hawezi kuapa.

"Usiku ule hukusikia kitu?"

Kayumba alishika nondo.

"Nilisikia. Kitu kilikuwa kinagonga nguzo za gati. Polepole. Kinagonga, kinanyamaza, kinagonga. Usiku muzima. Nilifikiri ni mtumbwi umefungwa vibaya, nikatoka kuufunga. Kulikuwa mwezi. Inspekta, upande ule wote haikukuwa mtumbwi hata moja mu maji."

Nywele za Modeste zilisimama shingoni, na hakuona haya kukiri hivyo. Aliondoka bila kuaga.

Njia ya Kalundu ilikuwa nyeupe kwa jua. Maduka ya wageni yalikuwa yamefungwa kwa mbao, na mbwa wao waliachwa vizingitini, wamekaa wima, wanangoja. Kengele ya misheni ililia saa sita. Mapadri walikuwa wameondoka tangu Jumapili, na kila mtu mjini alidhani kuna mwingine anayevuta ile kamba. Hakuna aliyetaka kwenda kutazama, na Modeste naye aliamua kwamba si kazi yake.

Ofisi ya Chama cha Wavuvi wa Pwani ilikuwa chumba kimoja cha matofali kinachotazama gati. Kiti cha rais kilikuwa kimefunikwa wavu mpya, heshima kwa Norbert, rais aliyefariki. Wavu ulitikisika kidogo, halafu ukatulia. Modeste alitafuta dirisha lililo wazi, hakuliona.

"Karibu, Inspekta," alisema Habonimana, karani wa Chama, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa nyavu. "Samahani, siko na kiti kingine."

"Nitasimama. Nisomee katiba yenu. Pale panaposema nani anaruhusiwa kuwa rais na nani haruhusiwi."

Habonimana alifurahi waziwazi. Pengine hakuna aliyewahi kumwomba jambo hilo. Alitoa daftari lenye jalada gumu. Katiba hiyo waliiandika wenyewe mwaka wa uhuru, siku zile ambapo hata kikundi cha waimbaji kilitaka kuwa na rais, makamu na vifungu.

"Kifungu cha nane. 'Mtu aliyekaa kwenye kiti cha rais vipindi viwili hatagombea tena kiti hicho maisha yake yote.' Kifungu cha kumi na moja. 'Rais akifa, makamu atakaa kwenye kiti chake mpaka kipindi kiishe, ikiwa makamu huyo alikula kiapo rais akiwa hai.'"

"Na katikati? Cha tisa na cha kumi?"

"Hivyo ni vya nyavu. Ukubwa wa matundu."

"Mzee Gaspard, makamu wenu, alikaa kwenye kiti vipindi vingapi?"

"Viwili. Yeye ndiye alianzisha Chama."

"Kwa hiyo haruhusiwi kuwa rais."

"Kugombea haruhusiwi." Habonimana aliinua kidole. "Lakini umakamu, Inspekta, katiba haisemi kitu. Mwezi wa tatu tulimchagua Norbert kuwa rais, na muzee akaandika jina lake kwa umakamu. Kulikuwa na kelele. Wengine walisema, mutu asiyeruhusiwa kuwa rais atakuwaje makamu, na makamu ndiye anarithi kiti? Wengine wakasema, alikatazwa kugombea, hakukatazwa kurithi. Tulifunga mulango, hakuna aliyefikiri dirisha."

"Norbert alisema nini?"

"Mwanzo alikubali. Muzee ni baba yake wa ubatizo." Karani alishusha sauti. "Lakini Jumanne mchana alikuja hapa, akasoma kifungu cha nane mara tatu. Akaniambia, kesho, kabla ya kiapo cha makamu, nitauliza wanachama. Wakisema makamu ni lazima awe mutu anayeweza kuwa rais, muzee atakaa chini."

"Nani mwingine alisikia?"

"Hakuna. Alisema jioni atakwenda kumwambia muzee mwenyewe kwanza. Kwa heshima. Asije akasikia mbele ya batu."

Modeste aliutazama ule wavu juu ya kiti. Mtu aliyekwenda kutoa heshima. Alimhurumia Norbert kuliko alivyomhurumia kaburini asubuhi ile.

"Na Jumatano ilikuwaje?"

Habonimana aligeuza kurasa mpaka kwenye taarifa ya mkutano. "Saa sita mchana. Rais haiko. Muzee Gaspard amesema: rais amevuka alfajiri kwenda Bujumbura kwa shauri la injini, ameomba mkutano uendelee, na lile swali ameliacha. Makamu amekula kiapo. Makofi."

"Nani alimwona rais akivuka?"

Karani aligeuza ukurasa, akaurudisha. "Haikuandikwa."

"Sikuulizi kilichoandikwa."

"Hakuna, Inspekta." Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena ikiwa chafu vilevile. "Minye ni karani. Naandika kinachosemwa."

"Kuna kitu ambacho hakikusemwa?"

Habonimana alitazama kwenye kona. Palikuwa na beseni la bati, kavu. "Kwetu mutu anakula kiapo mukono wake uko ndani ya maji ya ziwa. Mpaka kifundo. Muzee alikataa kutia mukono. Alisema uko na kidonda, ulikuwa umefungwa kitambaa. Aligusa kwa ncha ya kidole, akakitoa haraka, sawa vile ameungua. Muzee Gaspard, Inspekta. Amekuwa ndani ya maji hayo miaka hamsini."

Kwa hiyo mtu mmoja tu ndiye aliyesema Norbert alikuwa hai Jumatano, na mtu huyo ndiye aliyehitaji awe hai mpaka kiapo kiliwe. Modeste aliiona kesi yote imelala mbele yake. Lakini kuiona si kuionyesha, na komanda hangesoma hata mstari mmoja wa daftari lile.

Alipanda baiskeli hadi Kasenga. Émérance, mjane wa Norbert, alikuwa kwa mama yake, amelala ubavu kwenye mkeka na mtoto wa siku nane kifuani. Alikuwa hapo tangu ajifungue, kama desturi, na mumewe alibaki peke yake nyumbani kwao.

"Shemeji, samahani sana kukusumbua siku kama ya leo. Nauliza jambo moja tu. Norbert alipovuka kwenda Bujumbura, alibeba nini?"

"Minye sikumwona akivuka. Walinisimulia."

"Karatasi yake ya kuvuka aliiweka wapi?"

Alinyoosha mkono chini ya mto, akatoa Biblia, na ndani ya Biblia karatasi iliyokunjwa mara nne. "Hii hapa. Mama alikwenda kuchukua vitu vyangu jana, ikakuwa mezani. Mwezi wa pili alivuka bila hii, askari wa ng'ambo wakamulaza buloko siku mbili. Aliapa hatasahau tena." Aliishia hapo. Alikuwa mwanamke mwenye akili na hakuhitaji kuambiwa. "Hakuvuka."

"Sidhani."

"Basi Jumatano alikuwa wapi?"

Modeste aliikunja ile karatasi, akamrudishia.

"Jumatano nilimutumia chakula," Émérance alisema. "Mama alikiacha mezani, akafunika. Jana alikikuta vilevile. Nilimukasirikia, Inspekta. Nilisema, anakula kwa nani? Nilimukasirikia mutu mwenye alikuwa ndani ya maji." Akalia, bila sauti, ili asimwamshe mtoto. Mtoto hakuwa na jina bado. Baba yake alipaswa kumpa siku ya Alhamisi.

Saa nane na robo. Karatasi ya kuvuka ilikuwa nzuri, lakini Modeste alimsikia komanda kichwani mwake akisema: alivuka kwa siri, wavuvi wote wanavuka kwa siri. Alirudi Kalundu, akaiacha baiskeli gatini na kutembea ufukweni kuelekea kibanda cha nyavu. Lile la nguzo halikumtoka. Upande ule ulikuwa wa Mzee Gaspard, na Gaspard alikuwa na mitumbwi mitatu, mmoja kwa kila mwanawe. Jumatano hakukuwa na kifo kilichojulikana cha kuitoa mitumbwi majini. Kwa nini mitumbwi haikuwa majini?

Léocadie alikuwa akigeuza ndagala juu ya mchanga kwa ufagio wa miti. Mama mnene, mchuuzi wa samaki, mwenye ulimi ulioogopwa kuanzia gati mpaka soko la Kasenga. Siku hiyo ulimi ulikuwa umelala.

"Mama Léocadie, samaki wako wanakauka vizuri."

"Hawa si wa leo. Unajua weye, leo asubui ndio tumerudisha mitumbwi. Mutu alikuwa hajazikwa."

Modeste alijua. Kila aliyezaliwa pwani hii alijua. Ziwa likichukua mtu, mitumbwi yote inatolewa majini na kulazwa kifudifudi mchangani, makafi yamepangwa juu yake, na hakuna anayevua mpaka mtu yule azikwe. Alhamisi, baada ya Norbert kuonekana, ufukwe wote ulikuwa umelala hivyo.

"Na Jumatano ulinunua kwa nani?"

Ufagio ulisimama.

"Ile si maneno ya polisi," Léocadie alisema. "Ile ni ya padri, na padri amekimbia."

"Nipe mimi. Hakuna mwingine."

Alitazama nyuma, akatazama ziwani, halafu akakaa kwenye mchanga, mzito, miguu mbele.

"Jumatano, jua likitoka, nilikuja na beseni kwa Muzee Gaspard. Nilikuta mitumbwi yake yote mitatu imelala kifudifudi. Makafi juu. Watoto wake wamekaa pale, Nyandwi na wadogo zake, wanatazamana. Mitumbwi ya wengine yote inavua. Hii mitatu inalia. Nikasema, mama yangu, nani amekufa? Muzee akanitazama. Akasema, 'Hakuna, mama.' Nikauliza watoto. Nyandwi akasema, baba ametuamsha, amesema tusiingie mu maji, hakusema kwa nini. Minye nilirudi nyumbani nikahesabu watoto wangu mara mbili."

"Ulidhani nini?"

"Nilidhani ni mitumbwi yenyewe." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kesho yake Norbert akatoka mu maji, nikasema, basi, mitumbwi ya muzee ilijua. Kuna vitu vinajua kabla yetu. Wanawake wote wa hapa wanasema vile. Tunapita mbali nayo."

"Mitumbwi haijui kitu, mama. Ni mwenyewe alijua."

Léocadie aliposhika maana, aliweka mkono mdomoni, na Modeste aliona kwamba hofu yake ya kwanza ilikuwa nyepesi kuliko hii.

Saa tisa kasoro robo alirudi kwenye ofisi ya Chama. Wavu ulikuwa umeondolewa. Mzee Gaspard alikuwa amekaa kwenye kiti cha rais, kofia gotini, mgongo wima, kama mtu anayepigwa picha. Mlangoni alisimama Nyandwi, mwanawe mkubwa, mabega ya mvuvi, macho chini. Habonimana alikuwa amekaa kwenye kona pamoja na beseni lake.

"Shikamoo, muzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuniona kwa habari ya muchungaji?"

"Nimekuja kwa habari ya mitumbwi. Jumatano alfajiri yako ilikuwa juu ya mchanga."

"Nilitaka kuipaka lami." Jibu lilikuja haraka, limekwisha kupikwa.

"Yote mitatu, siku moja?"

"Yote."

"Lami iko wapi?"

"Sikupata. Wageni wamefunga maduka."

"Na makafi? Mtu akitaka kupaka lami, makafi anarudisha nyumbani. Yako yalipangwa juu ya mitumbwi."

Modeste alitazama mikono ya mzee juu ya kofia. Ilikuwa mikono mikubwa, yenye ngozi ngumu, na hakukuwa na kidonda popote.

"Norbert alikufa Jumanne," Modeste alisema. "Hakuvuka. Karatasi yake ya kuvuka iko kwa mjane wake. Jumatano mchana ulikula kiapo kuwa makamu wa mtu ambaye alikuwa maiti ndani ya maji. Kifungu cha kumi na moja, Habonimana."

"'Ikiwa makamu huyo alikula kiapo rais akiwa hai,'" karani alisoma.

"Batu bote walimjua kuwa hai," alisema Gaspard. "Kiapo kiliandikwa. Kiti ni changu mpaka sitini na sita."

Modeste alikuwa na saa moja tu, na alifanya jambo ambalo baadaye hakulipenda. Alimgeukia Nyandwi.

"Wewe na wadogo zako mlikaa juu ya mchanga Jumatano. Ama mlijua, ama hamkujua. Sina muda wa kuchagua. Kamyo ya komanda inakuja saa kumi. Nitamwambia ni wanne."

"Hapana," alisema Gaspard.

Alilisema kwa upole, akainuka kutoka kwenye kile kiti, na alipokwisha kuinuka alionekana mzee sana.

"Watoto hawajui kitu. Minye ni muvuvi, Inspekta. Nilikuwa na mutu mu maji. Ningewatoa watoto wangu watatu waende juu ya maji yale? Ziwa lingechukua mwingine kwa kubadilisha. Ningeweza kudanganya Chama, ningeweza kudanganya weye. Lile, hapana."

"Baba," alisema Nyandwi.

"Nyamaza, weye." Hakumtazama. "Alinikuta gatini jua likizama. Alivua kofia. Akasema, baba, kesho nitauliza kama aliyefungiwa mulango anaweza kupita dirisha, na nimetaka usikie kwangu. Kwa heshima ile yote. Inspekta, tangu nitoke kwenye kiti hiki, batu wananisalimia wakitembea. Zamani walikuwa wanasimama. Na huyu ndiye alisimama, kofia mukononi, ili aninyime. Kafi ilikuwa mukononi mwangu. Nilimupiga mara moja."

Habonimana alikuwa anaandika. Mkono wake uliandika peke yake, na hakuna aliyemkataza.

Nyandwi alimtazama baba yake. Halafu akatoka nje, na hatua zake zilisikika zikishuka kwenye mchanga.

Kamyo ilikuja saa kumi kasoro dakika tano, komanda mbele karibu na dereva, Kayumba nyuma kati ya askari wawili, mikono imefungwa. Walipakia mapipa ya mafuta. Modeste alipanda kwenye ngazi ya mlango, akampa komanda karatasi ya Habonimana yenye alama ya kidole ya Gaspard chini yake.

"Muzee huyu?" Komanda alitazama. "Mwenye Chama?"

"Amekiri. Nakuomba abaki hapa, buloko, mpaka jaji."

"Jaji gani? Jaji iko Bujumbura na bibi yake." Alichukua kalamu, akafuta jina moja, akaandika jingine juu yake. "Nilikuambia. Majina ni majina."

Modeste alikuwa amelijua hilo tangu saa tano. Alikwenda ufukweni na kwenye ofisi na kwa mjane akilijua kila hatua. Mtu asiye na hatia asipande, hilo alilitaka, na amelipata. Lakini aliona aibu, na hakuitafutia jina zuri.

Kayumba alishushwa. Walimkata kamba, naye akasimama akisugua vifundo, amemzidi kila mtu urefu. Aliuliza nyumba ya mama yake Émérance iko mtaa gani. Samuli ilikuwa imeliwa na askari, alisema, lakini angependa kumwona mtoto hata hivyo. Modeste alimwonyesha njia ya Kasenga, naye akaenda bila kugeuka.

Gaspard alipanda mwenyewe. Alikataa kushikwa mkono. Alikaa juu ya pipa, akavaa kofia yake, akaiweka sawa. Wavuvi walikuwa wamejipanga kando ya njia, na kamyo ilipopita, walisimama kimya, wote, hakuna aliyekuwa akitembea.

Njia ilifuata ufukwe mita mia hivi kabla ya kupinda kuelekea mjini. Modeste aliifuata kwa miguu, hajui kwa nini. Ziwa lilikuwa tulivu, na mitumbwi ya Kalundu ilielea, imefungwa kwenye nguzo, tayari kwa usiku. Yote ilielea isipokuwa mitatu. Mitatu ya Gaspard ilikuwa juu ya mchanga, imelala kifudifudi, matumbo yake bado yanachuruzika maji, makafi yamepangwa juu. Wanawe watatu walikaa kando yake.

Mzee aliiona. Aligonga pipa kwa kiganja, na dereva, mwenyeji wa pwani, kwa mazoea ya kumtii, alipunguza mwendo.

"Nyandwi," aliita. "Nani amekufa?"

Nyandwi aliinuka. Alivua kofia, akasimama wima, jinsi watu walivyokuwa wakimsimamia baba yake zamani.

"Hakuna, baba," alisema.